Nyigu wa mwaloni: mdudu mmoja mwenye sura mbili

Askari aliye zamu langoni akiulizwa na mkuu wake ni nani aliyepita saa nane za usiku, hawezi kujibu kwamba alikuwa "mtu fulani". Atadaiwa jina, saa, upande aliotoka mtu huyo na upande alioelekea. Asipoyajua hayo, zamu yake ni kama haikuwapo. Leo tumependa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za wataalamu ambao kazi yao yote ni kulikataa jibu la namna hiyo. Wao hawaridhiki kuambiwa kwamba jambo limefanywa na "mdudu fulani". Hutaka wajue ni mdudu gani, wa ukoo upi, hukaa wapi, na hutokea mwezi gani wa mwaka.

Mdudu tutakayemzungumzia ni nyigu mdogo aishiye katika mti uitwao mwaloni. Hamuumi mtu, na wengi wa jamii yake hawazidi milimita chache kwa urefu. Hata hivyo amewapotosha wataalamu mashuhuri kwa muda mrefu, na mpaka leo spishi mpya za jamii yake zaendelea kugunduliwa. Spishi ni neno la wataalamu lenye maana ya aina moja kamili ya viumbe, wenye nasaba yao na jina lao.

Nyumba isiyojengwa na mwenyewe

Mwaloni si mti wa kwetu. Wasomaji wa Biblia wamekutana nao katika habari za Ibrahimu aliyekaa penye mialoni ya Mamre, lakini ni wachache kati yetu waliouona kwa macho. Mialoni ya asili huota Ulaya, Asia, Amerika na upande wa kaskazini wa Afrika, katika nchi za Moroko, Aljeria na Tunisia. Wataalamu wa mimea wamehesabu kiasi cha spishi 430 za mialoni duniani, na nchi ya Meksiko peke yake ina spishi zaidi ya 150.

Katika majani, matawi, machipukizi, maua na hata mizizi ya miti hiyo huonekana nundu za ajabu. Nyingine ni duara kama gololi, nyingine ni bapa kama kifungo cha shati, na nyingine zimefunikwa manyoya mfano wa pamba. Mgeni aweza kudhani kwamba ni matunda. La hasha! Ukiipasua nundu moja kwa kisu utamkuta ndani yake buu mweupe amejikunja, naye ndiye mwenye nyumba.

Nundu hizi ziliwahi kuwa na thamani kubwa katika maisha ya watu. Zimejaa tanini, kitu kile kile kitumiwacho kutengenezea ngozi. Kwa karne nyingi katika nchi za Ulaya na Mashariki ya Kati nundu zilisagwa, zikachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mti, ukapatikana wino mweusi usiofutika kwa urahisi. Mikataba, hati za mashamba na amri za wafalme ziliandikwa kwa wino huo.

Sasa nundu hutokeaje? Nyigu jike hutoboa chipukizi au jani kwa mrija wake wa kutagia, akaliacha yai humo. Yai likishaanguliwa, mti huacha kukua kwa desturi yake mahali pale na kuanza kujenga nundu. Upande wa ndani hutanda tabaka laini lenye lishe, nalo ndilo chakula cha buu. Kwa hiyo nyumba hujengwa na mti, lakini ramani yake imetolewa na mdudu. Nyigu wa spishi mbili wakitaga katika jani moja la mwaloni mmoja, nundu zao hazitafanana hata kidogo. Ndiyo maana mtaalamu huiangalia nundu kama mpelelezi aangaliavyo alama za vidole.

Jambo hili halikufahamika kwa siku moja. Francesco Redi wa Italia, ambaye mwaka 1668 alithibitisha kwamba funza hawazaliwi na nyama iliyooza, alipofika kwenye nundu za miti alikwama. Yeye alidhani kwamba mti wenyewe kwa nguvu ya uhai wake humzaa mdudu aliyemo. Mwaka 1679 Mwitalia mwenzake, daktari Marcello Malpighi, alichapa maelezo yaliyoonyesha kwamba mdudu hutoka katika yai lililotagwa na mdudu mwingine.

Watu wawili katika daftari, mmoja katika mwili

Baada ya Malpighi ilibaki kazi ya kuwapanga wadudu hao katika koo zao na kuwapa majina. Kanuni za kuwapa wanyama majina ya kitaalamu huanzia mwaka 1758, katika kitabu cha Carl Linnaeus wa Uswidi, naye aliwataja baadhi ya nyigu wa mialoni. Waliomfuata waliongeza majina mengi. Lakini daftari lilipozidi kujaa, kosa kubwa likajificha ndani yake.

Katika mialoni ya Ulaya, wakati wa vuli, chini ya majani huonekana nundu bapa kama visahani vidogo. Nyigu aliyetoka humo aliitwa Neuroterus lenticularis. Wakati wa machipuko, katika maua na majani machanga ya mialoni hiyo hiyo, huonekana nundu nyingine duara, laini, zenye maji kama zabibu ndogo. Nyigu aliyetoka humo alipewa jina la Spathegaster baccarum. Nundu zilikuwa tofauti, majira yalikuwa tofauti, na wadudu wenyewe walikuwa na maumbo tofauti. Basi kila mmoja aliandikwa peke yake, hata katika jamii mbalimbali. Palikuwa na ajabu moja tu: wale wa visahani walikuwa wote majike, wala dume hakuonekana.

Aliyefumbua fumbo hilo kwa majaribio alikuwa Hermann Adler, daktari wa watu katika mji wa Schleswig huko Ujerumani. Adler hakuridhika kutazama wadudu waliokufa waliochomekwa kwenye pini. Alipanda mialoni midogo katika vyungu, akawaweka nyigu juu yake wakiwa hai, akawaangalia wakitaga, kisha akasubiri aone ni nundu gani itakayoota. Nyigu wa visahani walitaga katika machipukizi bila kukutana na dume. Miezi ilipopita, palipotagwa hapakuota visahani, bali ziliota zile nundu duara za maji. Humo wakatoka madume na majike, wakapandana, majike wakataga katika majani, na hapo ndipo visahani vikarudi.

Hivyo "watu wawili" walioandikwa katika daftari walikuwa ni kizazi na kizazi cha spishi moja. Mtoto hafanani na mama yake, bali hufanana na bibi yake! Maelezo kamili ya Adler yalichapishwa mwaka 1881, na majina kadhaa yaliyoaminiwa kwa miaka mingi yakalazimika kuunganishwa. Nyigu tuliyemtaja leo huitwa Neuroterus quercusbaccarum, jina ambalo mzizi wake ni katika orodha ya Linnaeus. Si spishi zote za nyigu wa mialoni zenye vizazi viwili vya namna hiyo, lakini zilizo navyo ni nyingi, na mpaka sasa ziko spishi zijulikanazo kwa kizazi kimoja tu.

Polisi watakaosoma habari hii hawatashangaa. Wao wanajua ya kuwa mtu mmoja aweza kuwa na majina mawili na mavazi mawili, na ya kuwa gwaride la utambulisho huweza kumkosa mtuhumiwa kwa sababu tu amebadili sura. Adler hakumtambua mdudu wake kwa kumtazama mara moja. Alimfuata mwaka mzima.

Mtu aliyekusanya mamilioni

Mwingine ambaye hapana budi atajwe ni Alfred Kinsey wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1956. Wengi wamsikiao humjua kwa uchunguzi wake wa maisha ya watu katika unyumba, ambao vitabu vyake vilitoka mwaka 1948 na 1953. Lakini kabla ya hapo, kwa miaka kama ishirini, Kinsey alikuwa mtu wa nyigu wa mialoni. Alipomaliza masomo ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1919 alizunguka Marekani akitafuta nundu, safari ya kiasi cha kilometa 29,000, sehemu yake kwa miguu. Mwaka 1920 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, akaendelea kukusanya, hata akavuka mpaka kuingia Meksiko.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza lakini nzito kuitekeleza. Waliomtangulia waliweza kutangaza spishi mpya kwa kuona mdudu mmoja au wawili. Kinsey alisema kwamba hata wadudu wa nundu moja hawalingani: huyu ana bawa refu, yule fupi, huyu rangi yake imekoza, yule imefifia. Asiyepima wengi hawezi kujua ni tofauti gani ni ya mtu na mtu, na ni ipi ya kabila na kabila. Basi alipima, akaandika, akapima tena. Kitabu chake kikubwa juu ya nyigu hao kilitoka mwaka 1930, kikafuatiwa na kingine mwaka 1936. Mkusanyo wake, unaohesabiwa kwa mamilioni ya nyigu na nundu, umehifadhiwa katika makumbusho ya viumbe mjini New York.

Je, Kinsey hakukosea? Alikosea pia. Baadhi ya spishi alizozitangaza zimeunganishwa na nyingine au kuhamishiwa koo nyingine na waliomfuata. Lakini waliomsahihisha waliweza kufanya hivyo kwa kuwa aliwaachia wadudu wenyewe, kila mmoja na kikaratasi chake. Mtu aachaye ushahidi wake kamili huweza kusahihishwa. Asiyeuacha hubishaniwa tu.

Hapa twakumbuka siku zetu za shule ya makadeti. Tulirudi kutoka doria, tukaandika katika taarifa kwamba tumeziona nyayo za watu wengi karibu na mto. Mkufunzi wetu aliirudisha karatasi ikiwa na maswali matatu kwa wino mwekundu: Mto upi? Saa ngapi? Zinaelekea wapi? Nyayo tulikuwa tumeziona kweli, lakini taarifa yetu haikuwa na faida kwa yeyote. Nundu isiyo na kikaratasi cha mahali, tarehe na aina ya mti ni kama nyayo zile.

Aliyemo ndani si lazima awe mwenye nyumba

Kazi ya leo huendeshwa hivi. Mtafiti hukata nundu pamoja na kijiti chake, akaitia katika chupa, akaandika mahali, siku, spishi ya mwaloni na sehemu ya mti iliyootwa. Kisha hungoja. Siku moja wadudu hutoka. Lakini hapo ndipo penye mtego, maana wanaotoka katika nundu si lazima wawe ndio walioianzisha. Wako nyigu wengine waingiao kama wapangaji wasiolipa kodi, wakala chakula cha mwenyeji. Wako pia wauaji, ambao huja kutaga mayai yao juu ya buu mwenyeji ili mabuu wao wamle.

Mmoja wa wauaji hao alitangazwa mwaka 2017 huko Marekani, akaitwa Euderus set, kwa jina la mungu wa Misri ya kale aliyemfungia ndugu yake sandukuni. Yeye humshambulia nyigu wa mwaloni aitwaye Bassettia pallida. Mwenyeji akiisha kukua hutafuna tundu ili atoke, lakini akiwa ameshambuliwa hutafuna tundu dogo mno, akakwama humo, kichwa chake kikawa kizibo cha mlango. Muuaji humla kutoka ndani, kisha hutoboa kichwa kile na kwenda zake. Mtafiti aliyekuta Euderus katika chupa yake, akaandika kwamba huyo ndiye mjenzi wa nundu, atakuwa amemwandika muuaji kwa jina la marehemu.

Baada ya hapo huja hadubini, ambayo kwayo huchunguzwa viungo vya papasi, mistari ya mabawa na michoro ya mgongo. Siku hizi huongezwa uchunguzi wa DNA, ule ule utumiwao na polisi kumjua mhalifu kwa tone la damu. Katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Texas, mwaka 2018 zilionekana nundu ndogo katika maua ya mwaloni uliokuwa karibu na baa ya wanafunzi iitwayo Valhalla. Nyigu aliyetoka alikuwa na urefu wa kiasi cha milimita moja. Lakini maua ya mwaloni hudumu muda mfupi. Je, kizazi cha pili kiliishi wapi? Watafiti walimtafuta mpaka wakampata amejificha ndani ya matawi, ambamo hukaa miezi 11 kati ya 12, na DNA ikathibitisha kwamba hao wawili ni spishi moja. Ilitangazwa mwaka 2022 kwa jina la Neuroterus valhalla. Tuangalie basi: ni mti uliopitwa na mamia ya wasomi kila siku!

Jina la spishi mpya halikubaliwi kwa maneno matupu. Mdudu mmoja huteuliwa awe kielelezo cha jina hilo na huhifadhiwa katika makumbusho, mfano wa kielelezo cha ushahidi kilicho chini ya ulinzi wa mahakama. Maelezo yake huchapishwa ili kila mtu ayasome na kuyapinga akiweza. Na ikionekana baadaye kwamba spishi hiyo ilikwisha kupewa jina, kwa kawaida lile la kwanza ndilo lidumulo. Kwa taratibu hiyo, spishi zipatazo 1,000 za nyigu wa mialoni zimekwisha kuandikwa.

Hasara ya kutojua jina

Huenda msomaji akauliza: Je, kazi hii ina faida gani kwa mkulima au kwa taifa? Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Katika nchi ya Japani mwaka 1941 mti wa chesinati, ulio wa jamaa moja na mwaloni na ambao kokwa zake huliwa, ulianza kuota nundu katika machipukizi. Mdudu wake alipewa jina rasmi mwaka 1951, Dryocosmus kuriphilus. Ilipojulikana kwamba asili yake ni China, ndipo wataalamu walipokwenda huko kumtafuta adui wake wa asili. Walimpata nyigu mwingine mdogo, Torymus sinensis, wakamwachia katika mashamba ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hapo ilibidi wawe macho, kwa kuwa Japani ilikuwa na nyigu wa kwao anayefanana naye mno. Nchi ya Italia ilipovamiwa na mdudu huyo wa chesinati mwaka 2002, haikuanza gizani. Adui na mpinzani wake walikuwa na majina, na mwaka 2005 Torymus akaanza kuachiwa huko pia.

Kwetu pia yalitokea ya kufanana na hayo, ingawa si kwa mwaloni. Mwaka 2002, katika Kenya ya magharibi na hapa Uganda, majani na vijiti vya mikaratusi michanga, ile ambayo wengi wetu huiita kalitusi, vilianza kuvimba na kupinda, na miche ikadumaa. Huo ndio mti utupatiao nguzo za umeme, mbao na kuni. Aliyefanya hayo alikuwa nyigu wa ukoo mwingine, asiyezidi milimita moja na nusu, ambaye alikuwa ameonekana Mashariki ya Kati mwaka 2000. Wakati huo hakuwa na jina. Alilipata mwaka 2004, Leptocybe invasa, na asili yake ikatajwa kuwa Australia, nchi ya mikaratusi yenyewe. Ndipo ilipojulikana pa kuwatafuta adui zake, na mwaka 2008 wawili kati yao walitangazwa. Kabla ya jina, mwenye shamba aliweza kung'oa miche tu na kuichoma.

Wala kazi ya kuona si ya maprofesa peke yao. Huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka minane aliona vitu mfano wa mbegu karibu na kichuguu cha sisimizi, akamwuliza baba yake, ambaye ni profesa wa wadudu. Zilikuwa nundu za mwaloni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sisimizi huzibeba nundu hizo mpaka ndani, hula kikofia chake chenye mafuta, na kuiacha nundu pamoja na buu wake salama chini ya ardhi. Wataalamu walikuwa wakizijua nundu na wakiwajua sisimizi, lakini aliyeinama akauliza alikuwa mtoto.

Askari na polisi hupita mahali pengi kuliko watu wengine: mipakani, misituni, mabondeni, kando ya mashamba. Akiona miti ya eneo zima imeota uvimbe usio wa kawaida, haimgharimu kitu kukata kijiti, kukifunga katika karatasi, kuandika mahali, tarehe na jina la mti, na kukifikisha kwa bwana misitu aliye karibu. Jina la mdudu litatafutwa na wenye hadubini. Lakini mahali na tarehe, kama hazikuandikwa siku ile ile, hakuna hadubini iwezayo kuzirudisha.